Lobelia za Bonde la Butahu

Ukiwa Beni, asubuhi baada ya mvua ya usiku, Ruwenzori huonekana kwa muda mfupi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya bonde la Semuliki, mlima hujitokeza wote kwa mara moja, bluu iliyokolea chini, mweupe kileleni. Saa tatu haijafika, mawingu yameshaufunika, na aliyechelewa kuamka ataambiwa tu kwamba ulikuwepo. Watu wa Beni na Butembo wamekua wakiuona hivyo, kwa kuibia. Wanajua kwamba juu kuna barafu na kwamba kilele cha Margherita kina mita 5,109. Ni wachache wanaojua kwamba chini kidogo ya barafu hiyo kuna lobelia, maua marefu kuliko mtu, ambayo ndugu zake wako Kilimanjaro, Mlima Kenya na Elgon, na kwenye tambarare zilizo kati ya milima hiyo hayapo kabisa.

Butembo, kilomita 54 kusini mwa Beni, ua la asili ni la kutafuta. Vilima vimevaa mikaratusi ya Australia. Mikwinini, ambayo magome yake yamewatajirisha wafanyabiashara wengi wa mji, ilitoka milima ya Andes. Bugenvilia za nyua za misheni ni za Brazili, na yale maua ya manjano yanayofuata barabara kila penye kingo iliyochimbwa yalitoka Meksiko. Mimea hiyo siilaumu; mji umejengwa nayo, kuanzia mbao za paa hadi ada za shule. Hata hivyo mtoto wa Butembo anaweza kumaliza sekondari bila kushika ua hata moja la mlima wa kwao, na sehemu za ua atafundishwa kwa haibiskasi iliyopandwa karibu na ofisi ya mkuu wa shule.

Safari yangu ilitokana na mabishano. Mwalimu mwenzangu alikuwa amepewa picha na mtu aliyefanya kazi mlimani: mnara wa maua ya bluu iliyofifia, umesimama peke yake kwenye mteremko wa mawe, nyuma yake ukungu. Mmoja wetu alisema ni senesio. Wengine tuliona wazi kwamba ni lobelia, ila hatukukubaliana ni lobelia ipi. Ruwenzori ina kadhaa, na mbili kati yake, Lobelia bequaertii na Lobelia wollastonii, huota kwenye miinuko ya juu na kwenye picha ndogo huchanganywa kwa urahisi. Vitabu tulivyokuwa navyo vilikuwa viwili, vyote vya Kifaransa, na picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tulikubaliana kwamba jibu haliko Butembo.

Hiyo ilikuwa kabla ya Oktoba 2014, mwezi ambao mauaji yalianza kuizunguka Beni. Wakati ule mtu aliweza kupanda basi dogo la kwenda Kasindi, akashuka njia panda ya Mutwanga, akamalizia kwa pikipiki kati ya mashamba ya kakao. Mbegu zilikuwa zimeanikwa juu ya maturubai mbele ya kila nyumba, na harufu yake ya uchachu ilikufuata hadi getini mwa kituo cha Mutsora. Hapo ndipo watumishi wa ICCN, taasisi ya serikali inayolinda mbuga, walipoandikisha wageni. Mbuga ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, ikiitwa Albert, kwa ajili ya gorila wa volkeno za kusini. Baadaye ilipanuliwa mpaka ikauchukua upande huu wote wa Ruwenzori. Kanuni ya kwanza niliyosomewa ilikuwa fupi: hakuna kukata mmea. Nilichoruhusiwa ni macho, vidole, daftari na kamera.

Wapagazi wa Mutsora ni Wanande, wengi wao watoto wa wapagazi. Walifunga mizigo yao kwa kamba za kichwani: bugali, makayabu, mkaa, masufuria, na mablanketi yaliyozungushiwa nailoni. Aliyewekwa kuniongoza alikuwa mzee mwembamba aliyevaa buti za mpira na koti la mvua lililopoteza vifungo. Nilimwita papa, kama inavyopasa, naye akaniita mwalimu. Siku ya kwanza hakusema mengi. Tulivuka mashamba ya muhogo na migomba, tukaingia msituni, na njia ikaanza kupanda bila huruma hadi banda la Kalonge, mita 2,138.

Lobelia ya kwanza iko hapo Kalonge, nayo haina utata. Ni Lobelia giberroa, ya msituni, inayopenda kingo za vijito na mahali ambapo mti mkubwa umeanguka ukaacha mwanga. Shina lake linapanda juu kama mti mwembamba, majani marefu yamekusanyika kileleni, na katikati yao hutoka mkia wa maua yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na weupe. Pamoja na shada lake inaweza kufika mita 9. Niliambiwa kwamba iliota pia kwenye makorongo ya milima ya Lubero, mashamba yalipokuwa bado hayajashuka hadi kwenye maji. Naamini, kwa sababu ni mmea wa miinuko ya kati, si wa baridi kali.

Jioni ile, wakati makayabu yakiloweshwa, nilitandaza daftari na kuwasomea wapagazi orodha ya waliotutangulia. Juni 1889 msafara wa Stanley ulipita chini ya mlima huu kwa upande wa Semuliki, na Luteni William Stairs akapanda na kundi la Wazanzibari hadi karibu mita 3,250, akarudi na mimea zaidi ya 30. Emin Pasha, aliyekuwa kambini, ndiye aliyeipangia majina. Miaka miwili baadaye Franz Stuhlmann alifuata bonde hilihili la mto Butahu, akavuka mita 4,000. Mwaka 1914 alipanda Joseph Bequaert, Mbelgiji. Mwaka 1932 ilikuja misheni ya kisayansi ya Wabelgiji iliyoongozwa na Xavier de Grunne, na mtaalamu wake wa mimea alikuwa Lucien Hauman, ambaye baadaye aliandika juu ya lobelia na senesio kubwa za Kongo. Papa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na benye kubeba, majina yao iko mule?" Hayakuwemo. Kijana mmoja alisema babu yake aliwabebea Wabelgiji, na ya kwamba katika familia yao walihesabu miaka kuanzia safari hiyo.

Kutoka Kalonge unapita mianzi, na juu ya mianzi dunia inabadilika. Mierika, ambayo kwingine ni vichaka vya kufika gotini, hapa ni miti mizima iliyopinda, imevaa ukungu-mti wa kijivu unaoning'inia hadi usoni mwa mpita njia. Ardhi haionekani. Unakanyaga mizizi iliyofunikwa na kuvu-maji mwekundu na wa manjano, mguu ukiteleza unazama hadi pajani. Banda la Mahangu liko humo, mita 3,310. Nililala nimevaa nguo zangu zote na bado niliamka kabla ya alfajiri kwa baridi.

Baada ya Mahangu njia inapanda ukingo wa mlima hadi mahali panapoitwa Kampi ya Chupa. Stuhlmann aliacha pale chupa yenye ujumbe wake, na jina hilo la Kiswahili limebaki kwenye ramani za Wazungu hadi leo. Kabla ya kufika pale, kwenye bapa dogo lililojaa maji na nyasi za matuta, papa alisimama. Mbele yetu kulikuwa na mimea iliyokaa chini kabisa, kila mmoja duara la majani mazito yaliyobanana kama kabichi kubwa, kijani kwa juu na zambarau kwa chini, yaking'aa.

"Mwalimu, ingiza kidole mule mu roho yake," aliniambia.

Niliinama. Niligusa kitu kigumu, chembamba kama kioo cha taa, kikavunjika. Chini yake mlikuwa na maji, mazito kidogo, yenye utelezi.

"Papa, kuna maji. Juu yake barafu."

"Hii njo ya maji. Kule juu utaona ingine, ile ya manyoya. Si moja."

Katika maneno hayo machache papa alikuwa amenipa ufunguo ambao vitabu vyangu viwili viliutumia kurasa kadhaa kuueleza. Lobelia bequaertii ni ya tope. Majani yake yamepangwa kwa namna ambayo kila kikonyo kinashika maji ya mvua, na katikati huwa na kisima kidogo. Usiku, baridi inaposhuka chini ya sifuri, majani hujifunga juu ya chipukizi, na maji ya kisimani huganda juu tu. Barafu hiyo nyembamba huwa mfuniko, na yaliyo chini yake, pamoja na chipukizi lililozama humo, hayagandi. Wanasayansi wameuchunguza ujanja huu zaidi kwa ndugu yake wa Mlima Kenya, Lobelia keniensis, ambaye naye huweka maji yake yenye utelezi. Kuna wataalamu wanaoihesabu bequaertii kuwa tawi tu la Lobelia deckenii ya Kilimanjaro. Mashada yaliyokuwa yamechanua yalikuwa mafupi na manene, kama mnara uliojengwa kwa vigae: vijani vipana vimepandana, na ua lenyewe, zambarau iliyoiva, limejificha nyuma ya kigae chake. Mtu anayepita haraka haoni ua hata moja.

Nililitoa ua nje ya kigae kwa ncha ya kalamu, bila kulikata. Bomba lake limepasuka kwa urefu upande wa mgongoni. Chavulio zote tano zimeungana kuwa mrija mmoja, na ndani ya mrija huo staili ya ua hupita ikisukuma chavua nje polepole. Kuwa ua moja kamili, lenye bomba lake lililopasuka, ndiko kunakoitenga lobelia na senesio milele: senesio ni wa ukoo wa alizeti, "ua" lake moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi vya manjano. Yule mwenzetu aliyesema senesio angekuwa pale, mabishano yake yangekwisha kwa kuangalia ua moja kwa karibu.

Tulipanda tena. Juu ya bapa lile tope liliisha, mteremko ukawa wa changarawe na miamba, na senesio zenyewe zikaanza, miti yenye majani makavu yaliyobaki shinani kama koti. Hilo ni koti kweli: majani yaliyokufa hayadondoki, hulizuia shina lisigande. Kati ya senesio kulikuwa na vichaka vya helikrisamu, maua makavu meupe yanayokwaruza mkono. Ndipo, karibu na banda la Kiondo, mita 4,200 hivi, nilipoona mnara wa kwanza wa bluu iliyofifia.

Ulikuwa mrefu kuliko mimi. Niliukaribia kutoka chini, na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba bluu ile haikuwa ya ua peke yake. Shada zima limefunikwa manyoya, na manyoya ndiyo yanayoipunguza rangi hadi ionekane kama imepakwa majivu. Vijani vya shada hili si vigae vipana. Ni virefu, vyembamba, vimesimama nje, kila kimoja kina manyoya pande zote. Ua linatokeza kati yao bila kujificha, na lenyewe lina manyoya kwa nje. Nikainama kwenye duara la majani jirani ambalo lilikuwa bado halijatoa shada, nikaingiza kidole. Pakavu.

"Umeona?" papa alisema nyuma yangu. "Ya manyoya."

Ilikuwa Lobelia wollastonii, na ndiyo iliyokuwa kwenye picha ya Butembo. Mteremko wa mawe ulikuwa jibu tosha tangu mwanzo, lau tungejua kuusoma: bequaertii haingesimama pale.

Inashangaza kusema habari ya ukavu kwenye mlima unaonyeshewa karibu kila siku ya mwaka. Lakini kuanzia mita 4,000 maji ya udongo hulala yameganda, na jua la ikweta likichomoza huwaka mara moja na kuanza kuyanyonya majani kabla mizizi haijaweza kunywa. Kwa saa hizo za asubuhi mmea uko jangwani. Joto hapa halibadiliki sana kati ya Januari na Julai. Hubadilika kati ya mchana na usiku, kila siku. Lobelia ya tope imelijibu tatizo hilo kwa kuweka akiba ya maji. Lobelia ya mteremko imelijibu kwa manyoya, yanayonasa hewa tulivu kuzunguka ua na kupunguza baridi, upepo na jua kwa pamoja. Mimea miwili ya jenasi moja, tofauti ya mwendo mfupi tu wa kupanda, imeshika njia mbili. Nilikaa kwenye jiwe nikaandika hadi vidole vikakataa kushika kalamu.

Nikiwa pale alikuja chozi. Ni ndege mdogo wa kijani kinachong'aa kama chuma, dume ana mkia mrefu na vishungi vyekundu kifuani. Kwa Kilatini huitwa Nectarinia johnstoni. Alitua juu ya shada, akashuka akizunguka kutoka ua hadi ua, na kila aliposukuma mdomo ndani ya bomba, ule mrija wa chavulio ulimgusa kichwani. Manyoya ya paji lake yalikuwa na vumbi jeupe. Hakutuogopa. Aliingia kati ya vijani, akatafuta wadudu waliojificha humo, akaondoka kwenda kwenye shada lililofuata na vumbi lake. Papa aliniambia kwamba shada likiisha kuchanua na kukauka, ndege huyo hujikinga humo na mvua.

Majina haya, bequaertii na wollastonii, yamepewa lobelia kwa heshima ya watu. Wollaston alikuwa katika msafara wa Makumbusho ya Uingereza uliokuja Ruwenzori kati ya 1905 na 1906. Bequaert ni yule Mbelgiji wa 1914. Mimea aliyokusanya ilipelekwa Ubelgiji, na Émile De Wildeman ndiye aliyeieleza lobelia hii na kuipa jina lake. Hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Wabelgiji iko leo Meise, kaskazini mwa Brussels, ina vielelezo mamilioni. Ndani ya nchi yetu hifadhi kuu iko Yangambi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA, ukingoni mwa mto Kongo, na kutoka Butembo kwenda Yangambi ni safari ngumu kuliko kwenda Nairobi. Siku hizi Meise imeweka picha za vielelezo vyake kwenye intaneti, na ni jambo jema sana. Lakini jani lililobanwa kwenye karatasi kwa miaka mia haliwezi kukuonyesha maji ya katikati, wala rangi ya majivu kabla haijageuka kahawia. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben chenye kitivo cha kilimo, na ina shule za sekondari nyingi. Mkusanyiko wa mimea ya Butahu, uliobanwa kwa kibali halali na kuwekwa kwenye kabati kavu mjini humo, si anasa. Ni kifaa cha kufundishia, kama ramani.

Kwa sasa hakuna anayepanda. Tangu 2014 vijiji vinavyozunguka Beni vimezika watu wengi mno, na waasi wa ADF wameufikia ukanda wa Mutwanga pia, kwenye mashamba yaleyale ya kakao. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200, wengi wao wa Mangina, Beni, Katwa na Butembo. Barabara ya Kasindi imekuwa ya kupita kwa msafara wenye askari. Katika hali hiyo nimeulizwa zaidi ya mara moja kama kuna haja ya kuandika juu ya ua. Naona haja ipo. Mlima ni wa watu hawa, na umeendelea kubadilika huku wao wamezuiwa kuuona. Msafara wa Duke wa Abruzzi wa 1906 ulikuta zaidi ya kilomita za mraba 6 za barafu Ruwenzori. Karne moja baadaye zilikuwa zimepungua chini ya 2, na zimeendelea kupungua. Barafu ikipanda, tope huhama, mteremko mkavu huhama, na mpaka kati ya lobelia ya maji na lobelia ya manyoya huenda nao ukahama. Wanaoweza kusema mpaka ulikuwa wapi ni wale wazee wa Mutsora waliopita pale na mizigo kichwani mwaka baada ya mwaka, na hawajaulizwa.

Picha nilizopiga nimezipanga upya kwa urefu wa mahali, kutoka Kalonge hadi Kiondo, na nimewapa nakala walimu watatu wa biolojia wa Butembo. Kila moja ina maelezo yake nyuma. Yeyote atakayepata nafasi ya kupanda njia itakapofunguliwa namwomba aandike vivyo hivyo: tarehe, kimo cha mahali, tope au changarawe, kisima cha katikati kina maji au kikavu, kijani cha shada ni kipana au chembamba, kina manyoya au hakina. Apige ua lililofunguka kwa karibu, upande wa mgongoni, ufa wa bomba uonekane. Na kwenye mstari wa aliyeutambua mmea, pale ambapo vibandiko vya zamani vina jina moja tu la mgeni, aandike pia, kwa ridhaa yake, jina la mpagazi aliyemwonyesha.